Jani limefunguka, mzizi haujatoka

Mwisho wa Februari, nje theluji, ndani hita inawaka. Dirishani kuna kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, kimejazwa kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) na perilaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba uliopashwa moto), na katikati kimechomekwa kijiti cha mtini chenye unene wa kidole. Majani matatu yamefunguka, kijani kibichi, yanang'aa. Mwenye kijiti ameshapiga picha na kuituma kwa jamaa.

Siku chache baadaye majani yanalegea. Anagusa udongo, anaona una unyevu, lakini mmea ulionyauka si unaomba maji? Anamwagilia. Kesho yake majani yamening'inia. Akishika kijiti kinachomoka bila kushikiliwa na kitu: ncha ya chini nyeusi, laini, gome linabanduka kwa kidole, na harufu ya kuoza.

Mzizi hakuna. Haukuwahi kuwapo.

Tukio hili limenikaa kichwani kwa majuma sasa, kwa sababu linawapata hasa watu wenye bidii, wale wanaochungulia kikombe kila asubuhi. Na kwa sababu karibu kila maelekezo huanza kwa kusema kwamba mtini ni mti mwepesi kuotesha. Ni kweli. Katika nchi za Mediterania, kijiti kilichopogolewa na kuchomekwa ardhini mwishoni mwa majira ya baridi mara nyingi hujiotea chenyewe. Lakini kule udongo una ubaridi, hewa ina ubaridi, na maji yakishanyesha hupita yakaenda zake. Ndani ya nyumba tunakipa kijiti joto la kiangazi, kikombe chembamba kinachotuamisha maji, na mkono wa mtu anayeona upendo ni kumwagilia.

## Akiba iliyo ndani ya mti

Kabla mtini haujapukutisha majani, huhifadhi chakula chake kwenye matawi kama wanga. Kijiti kinachokatwa Novemba au Desemba kimebeba sehemu ya akiba hiyo, pamoja na maji kidogo. Hicho ndicho kilicho nacho. Hakina kingine mpaka kipate mizizi.

Joto la nyumba likikigusa, macho yake, yaani vichipukizi, yanaamka. Jicho la juu linaweza kufunguka ndani ya wiki mbili au tatu, na linatumia akiba ile ile kujenga jani. Mizizi huchukua muda mrefu zaidi, kwa kawaida wiki tatu hadi nane, kutegemea aina ya mtini, ukomavu wa mti na joto la upande wa chini. Kati ya jani la kwanza na mzizi wa kwanza kuna pengo, na katika pengo hilo kijiti kinapoteza maji kupitia majani bila kuwa na pa kuyachotea.

Jani halikuambii chochote kuhusu mzizi.

Ukilikubali hilo, mambo mengi yanayobishaniwa kuhusu kuotesha tini yanajipanga. Kila mbinu ina thamani kwa kadiri inavyofanya moja kati ya mawili: kufupisha lile pengo, au kukizuia kijiti kisioze kinapokuwa ndani yake. Mbinu isiyofanya hata moja ni pambo.

## Pingili ya kuchagua

Pingili ni kile kijiti cha kuoteshea. Chukua tawi la mwaka uliopita, lililokomaa likawa la kahawia au kijivu, lenye unene wa penseli hadi kidole gumba. Urefu wa sentimita 15 hadi 20 unatosha, wenye vifundo vitatu hadi vitano. Vijiti vyembamba vya kijani vya ncha za matawi vina akiba ndogo na huoza haraka. Kinene kupita kiasi kinaota pia, ila hukawia. Tazama kata ya mviringo: ikiwa kiini laini cha katikati ni kikubwa na mti wenyewe ni ukuta mwembamba, tafuta kingine.

Kata ya chini ipite karibu kabisa na kifundo, kama nusu sentimita chini yake, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Kata ya juu iache sentimita 2 juu ya jicho la mwisho, ili mti ukikauka kidogo jicho lisiguswe.

Juu na chini havibadilishwi. Kijiti kilichotoka kwenye bahasha kinaweza kukuchanganya, basi tafuta kovu la jani la zamani, ile alama pana kwenye kifundo. Jicho hukaa juu ya kovu. Ukiona kovu liko juu ya jicho, umekishika kichwa chini.

Vaa glavu au nawa kwa sabuni mara baada ya kukata. Utomvu mweupe wa mtini ukikaa kwenye ngozi kisha jua likaipiga, huunguza na kuacha baka linalochukua muda kufutika. Utomvu huo huo ni habari njema kwenye kata mpya: kijiti kinachotoa maziwa ki hai. Kisichotoa, kwangua gome kidogo kwa ukucha. Kijani chenye unyevu ni uhai. Kahawia kavu, usipoteze kikombe.

## Mti ule ule, mazuri na mabaya yake

Pingili si mtoto wa mti. Ni mti wenyewe, umeanza upya. Watu walilielewa hilo zamani sana: mwaka 2006 watafiti walitangaza tini zilizoungua moto zilizopatikana Gilgal, katika Bonde la Yordani, zenye umri wa zaidi ya miaka 11,000, za aina inayozaa bila kuchavushwa. Wakapendekeza kuwa wakazi wa pale walikuwa tayari wanachomeka matawi ardhini. Hoja hiyo imepingwa na wenzao, lakini hata wapinzani hawabishi kwamba mtini ni katika miti iliyopandwa kwa vijiti tangu kale.

Kwa anayeanza, jambo hili lina uzito wa vitendo. Miaka ya 1880 maelfu ya pingili za tini za Smyrna zilipelekwa California. Zilishika, zikawa miti mizuri, na matunda yakawa yanapukutika yakiwa machanga. Aina ile inahitaji nyigu mdogo sana, Blastophaga psenes, aletaye chavua kutoka kwenye mtini dume, na nyigu huyo hakustawishwa kule mpaka mwaka 1899 huko Fresno. Ukipewa kijiti cha aina ya Smyrna nawe unaishi asikoishi nyigu huyo, utaotesha vizuri kabisa mti usiokomaza tini. Uliza kwanza. Brown Turkey, Celeste, Chicago Hardy, Violette de Bordeaux na Kadota zote huzaa bila nyigu. Brown Turkey na Chicago Hardy ni chaguo jema la kujifunzia kwa kuwa huota kwa urahisi. Aina adimu ya bei kubwa isubiri.

Ugonjwa nao husafiri. Virusi vya mozaiki ya mtini, vinavyoonekana kama mabaka ya manjano na majani yaliyopindapinda, vimo katika mitini mingi sana duniani, na pingili hurithi kila kitu. Mti wenye nguvu huishi navyo na kuzaa. Mti ulioelemewa hutoa pingili zinazokawia na kudumaa. Kuhusu kuvusha vijiti mpakani ndani ya sanduku la nguo: usifanye. Kila nchi ina mamlaka ya afya ya mimea, kama KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania, na cheti kina sababu yake.

## Friji kwanza

Kijiti kikifika mapema kuliko ulivyo tayari, kisubirishe kwenye friji. Kifunge kwa gazeti lenye unyevu hafifu, usiolowesha mkono, kisha kitie kwenye mfuko wa zipu. Nyuzi 1 hadi 4 za Selsiasi zinakilaza usingizi kwa miezi kadhaa. Kagua kila wiki mbili.

Maji yakitona ndani ya mfuko, yamezidi.

Siku ya kuanza, osha kijiti kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, hasa kwenye vifundo na makovu ambamo vumbi na mbegu za ukungu hujificha. Kilichotoka kwenye mti wenye ukungu kitumbukize kwenye jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, kwa dakika mbili hadi tano, kisha kisuuze vizuri. Kilichosinyaa gome likaonyesha mikunjo kilaze ndani ya maji safi usiku mmoja.

Homoni ya kuoteshea mizizi? Mtini hauihitaji. Inaweza kuharakisha kidogo, lakini haijawahi kumwokoa mtu kutoka kwenye udongo uliolowa. Kuparua gome la chini, ukanda mwembamba wa sentimita 2 au 3, kunasaidia mizizi kutokea pembeni kwenye vijiti vinene. Kwenye vyembamba ni kuufungulia ukungu mlango.

## Maji, sanduku, kikombe au mfuko

Wapo wanaosimamisha kijiti kwenye glasi ya maji. Kinaota, ukibadilisha maji kila siku mbili au tatu. Lakini mizizi ya ndani ya maji ni dhaifu na mingi hufa inapohamia kwenye udongo, hivyo pengo umelihamisha tu.

Wapo wanaolaza vijiti kwenye sanduku la plastiki lenye spagnamu, ule mmea laini wa kinamasi unaouzwa ukiwa umekaushwa. Unaloweshwa, unakamuliwa kwa nguvu za mikono yote miwili, unatandazwa, vijiti vinalazwa juu, kifuniko kinarudishwa. Kila siku mbili unafungua kupunga hewa. Uzuri wake ni kwamba unaona: kwanza vitone vyeupe vinavimba kwenye gome, kisha nyama nyeupe inafunika kata ya chini, kisha mizizi yenyewe. Wengi huvichanganya vile vitone na mizizi. Kitone cha mviringo kinachofanana na chumvi ni tundu la kupumulia lililovimba kwa unyevu. Mzizi una ncha, na kesho yake umerefuka. Hamisha mizizi ikiwa na sentimita 1 hadi 3. Ukiacha ifike 8 imejisokota ndani ya spagnamu, utaikata ukiichambua.

Kikombe cha lita 1 ndicho kinachotumiwa zaidi, na ndicho kilichoua wengi. Si kosa la kikombe. Kikombe kinampa mtu nafasi ya kumwagilia kila siku, na mtu huitumia.

Ndiyo maana, kwa anayeanza, naona mfuko mwembamba ni bora kuliko vyote. Mfuko wa nailoni angavu, upana kama sentimita 10 na urefu 40 hadi 45. Unaujaza mchanganyiko wenye unyevu uliokwisha kupimwa, kimo cha sentimita 25 hivi, unachomeka pingili mpaka libaki jicho moja juu, unakusanya mdomo wa mfuko kukizunguka kijiti na kuufunga kwa mpira. Jicho limebaki nje, kwenye hewa kavu isiyopendwa na ukungu. Unyevu umefungiwa ndani. Hakuna kumwagilia mpaka mizizi ionekane imeenea kwenye ukuta wa mfuko, na hiyo yaweza kuwa mwezi mzima au zaidi. Uamuzi wote wa maji unafanyika mara moja tu, siku ya kwanza, ukiwa umetulia.

## Unyevu ni kitu kinachopimwa

Mizizi inapumua. Udongo mzuri wa kuoteshea una vijitundu vingi vyenye hewa. Maji yakivijaza, oksijeni inaisha, seli za ncha ya chini zinakufa, na bakteria na kuvu wanaoishi bila shida mahali pasipo hewa wanaanza kula. Kijiti hakizami kwa siku moja. Kinaoza polepole kuanzia chini, huku juu jani likiendelea kupendeza kwa akiba iliyobaki. Ndiyo sababu siku ya picha nzuri na siku ya kuoza huwa jirani sana.

Mchanganyiko: sehemu 2 za perilaiti kwa sehemu 1 ya kokopiti kwa ujazo. Wengine huweka nusu kwa nusu, na inafanya kazi kwa mtu asiyemwagilia sana. Usitumie udongo wa bustani, wala mboji, wala samadi. Kijiti kisicho na mizizi hakili. Chakula hicho kitaliwa na wengine. Kokopiti ya makumbi ya nazi huenda ina chumvi, kwa hiyo loweka, mwaga maji, rudia. Perilaiti ichekeche na uinyunyizie maji kabla ya kuigusa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Lowesha mchanganyiko kwenye ndoo siku moja kabla, maji kidogo kidogo, ukigeuza, kisha funika. Unyevu unahitaji muda wa kusambaa. Kesho yake chota konzi na uikamue kwa nguvu zako zote.

Tone moja, basi.

Yakitoka matone matatu, ongeza mchanganyiko mkavu. Kisipotoka kitu na donge likasambaratika mara moja, nyunyiza kidogo. Utaona kama ni mkavu mno. Karibu kila mtu huona hivyo mara ya kwanza, na hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye jagi. Uzuie.

Anayeshikilia kikombe badala ya mfuko atoboe matundu sita chini na mengine pembeni, sentimita 1 kutoka kitako, kisha apate mizani ya jikoni. Pima kikombe kilichokwisha kupandwa, andika uzito kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye ukuta wake. Kwa kikombe cha lita 1, usiguse maji mpaka uzito upungue gramu 70 hivi, na ukirudisha, rudisha 50, ukimwaga pembezoni, mbali na kijiti. Matone madogo yakionekana kwa ndani ya plastiki, unyevu upo. Kidole hakifai kwa kazi hii. Juu pakikauka, chini kunakoamua uhai wa kijiti kunaweza kuwa kumelowa chepechepe.

## Joto chini, ubaridi juu

Hapa ndipo pengo linapofupishwa hasa. Macho na mizizi vyote huamshwa na joto, lakini haviko mahali pamoja. Ukipasha kitako cha kikombe hadi nyuzi 24 au 26, na hewa ya juu ukaiacha kwenye 15 hadi 18, macho yanasinzia huku mizizi ikianza kazi. Mkeka wa umeme wa kupasha vyungu ndani ya chumba kisicho na hita, kibaraza kilichofungwa, au orofa ya chini ya nyumba, ndio mpangilio wake.

Mkeka bila kidhibiti joto ni hatari. Nyingi hupasha kupita nyuzi 30, na kuanzia hapo kuoza kunakwenda kasi kuliko kuota. Chomeka kipimajoto ndani ya kikombe kimoja, chini kabisa, si juu ya mkeka. Dirisha nalo si rafiki kama linavyoonekana: mchana jua linakaanga kikombe, usiku kioo kinakigandisha. Mwanga hauhitajiki hata kidogo mpaka majani yatoke. Yakitoka, taa ya LED kwa saa 12 hadi 16 inatosha.

Kijiti kikivaa vitini vidogo kabla ya mizizi, vitoe vyote kwa ukucha, hata kama vinapendeza. Vinanyonya akiba.

## Majani yakilegea

Tumerudi pale ambapo wengi hupoteza mti, na hapa naomba msomaji asome taratibu.

Kulegea kuna maana mbili zinazopingana, na macho hayawezi kuzitofautisha. Ama udongo umekauka na kijiti hakina maji, au udongo umelowa, ncha ya chini imekufa na kijiti hakiwezi kuvuta maji yaliyojaa pale pale. Kuna na ya tatu isiyo na ubaya: majani mapya, mizizi haijatoka, hewa ya nyumba yenye hita ni kavu mno, na jani linapoteza kuliko linavyopata.

Pima uzito kwanza. Kikombe kikiwa kizito, jagi lisiguswe kwa hali yoyote. Funika majani kwa mfuko angavu uliotobolewa matundu machache, kisogeze mbali na jua na hita, subiri hadi kesho. Jani likisimama tena chini ya mfuko, tatizo lilikuwa hewa, na kijiti kinaendelea kujaribu. Likibaki limelegea, minya gome sentimita 2 juu ya mchanganyiko. Gumu, bado lina uhai. Laini na lenye maji maji, chomoa.

Kuchomoa si mwisho kila mara. Kata nyuma kwa kisu safi, kipande kwa kipande, mpaka ufike kwenye mti mweupe wenye ukingo wa kijani na tone la utomvu. Kikibaki chenye vifundo viwili, kioshe, kiache kikauke kwa saa kadhaa, anza tena kwenye mchanganyiko mpya mkavu zaidi. Ule wa zamani utupe.

Je, majani yapunguzwe? Watu wenye ujuzi wamegawanyika. Ninavyoona mimi, acha majani mawili. Yakiwa matano na mizizi haionekani, toa matatu ya chini kwa kuyakata kwenye kikonyo, si kuyavuta, kwa kuwa kuvuta huchana gome na kuacha kidonda kwenye kifundo. Ukiyatoa yote, kijiti kitatumia akiba upya kujenga mengine.

Ukungu mweupe wa manyoya kwenye kata ya juu haujaua kitu bado. Futa, acha hewa ipite. Ukungu wenye rangi unaoambatana na ulaini ni habari nyingine.

Vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa kikombe navyo vinatoa taarifa: juu pamelowa mno. Wakubwa ni kero tu, mabuu ndio wanaotafuna mizizi michanga. Acha juu pakauke, weka karatasi ya manjano yenye gundi, na ukimwagilia tumia maji yaliyolowekwa punje za bakteria Bacillus thuringiensis israelensis, wale wale wanaotumika kuua mabuu ya mbu.

## Kwa walio Afrika Mashariki

Limuru, Lushoto au Arusha mtini hausinzii kama ule wa Toronto, kwa hiyo hakuna majira ya kungoja yapite. Kata mti uliokomaa baada ya mavuno, ondoa majani yote siku hiyo hiyo, na uendelee kama ilivyoelezwa. Chumba cha nyanda za juu mwezi Julai kina joto linalotosha kwa vijiti, kikiongezewa joto kidogo chini.

Pwani shida ni kinyume. Chumba cha Mombasa, Dar es Salaam au Unguja kuanzia Novemba hadi Machi kinapita nyuzi 30, na kuoza kunashinda. Fanya kazi hii wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, mahali penye upepo, na uweke perilaiti nyingi zaidi. Ikikosekana, pumisi ya Bonde la Ufa iliyochekechwa hadi punje za milimita 3 hadi 6 inafanya kazi ile ile, na haivunjikivunjiki.

## Kutoka kikombeni

Mizizi mipya ni myeupe na hukatika kwa kuguswa. Usihamishe ukiona mmoja au miwili. Subiri ifike kwenye kuta pande zote na ile ya kwanza ianze kugeuka kahawia hafifu. Hapo imepata nguvu ya kushika mchanganyiko wakati wa kutoka. Pasua kikombe kwa mkasi badala ya kuvuta kijiti. Chungu cha lita 4 kinatosha, udongo mwepesi wa vyungu uliochanganywa na robo ya perilaiti, na maji mara moja, ya kutosha kutoka chini. Kisha tena usimwagilie mpaka chungu kiwe chepesi. Wiki mbili baadaye anza mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Mmea uliokuwa chini ya mfuko una majani yenye ngozi nyembamba. Ukiufunua ghafla utanyauka hata kama una mizizi mingi. Fungua nusu saa siku ya kwanza, kisha saa moja, kisha tatu, kwa wiki nzima au siku kumi. Kutoka nje ni vivyo hivyo: baada ya jalidi ya mwisho, kivulini kwanza, kisha jua la asubuhi, mwisho jua kamili. Majani yaliyokulia ndani yakiungua yakawa na mabaka meupe, yaache. Mtini utayaangusha wenyewe na kutoa mengine yaliyozaliwa juani, manene zaidi, na hayo hayaungui.

Andika jina la aina kwenye chungu chenyewe kwa penseli ya risasi. Wino hupauka kwa jua ndani ya msimu mmoja, na mitini michanga hufanana mno kuitambua kwa macho.